Miezi mitatu ni ya mtoto (Sehemu ya 4)

Baada ya posti ya juzi wengi mmeniuliza: mgeni anayetaka kuasili mtoto wa Kitanzania, mbona anazungushwa hivyo?

Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka asiye raia awe ameishi nchini miaka 3 mfululizo, na kwanza amlee huyo mtoto angalau miezi 3 chini ya uangalizi wa afisa ustawi wa jamii. Wengine wanaiita kuzungushwa. Mimi nasema miezi ile ni ya mtoto.

Hapa Dodoma niliwahi kumhudumia wodini mtoto wa makao, mwaka na nusu. Kila mtu anamsifia: mpole huyo, ukiondoka wala halii. Jamani, umri ule anatakiwa alie! Asiyelia mara nyingi ameshazoea watu kuondoka.

Kwa hiyo wewe unayemtembelea mtoto utakayemlea, uwe Mtanzania au mgeni, acha mambo ya biskuti na picha za Jumamosi. Nenda mara kwa mara, saa ile ile. Mlishe uji, mwogeshe, mbebe. Muulize mlezi wake huwa anambembelezaje alale. Ukiondoka muage, usimtoroke. Ukisema kesho, kesho uonekane.

Siku atakayokulilia ukitoka mlangoni, usivunjike moyo. Ndiyo kwanza ameanza kukuona wake.