Acheni Kumshika Teja Akienda Kunywa Dawa Yake

Wasee, leo naanza kwa kujishtaki mwenyewe. Miaka minne iliyopita, nikiwa ndio naanza hii kazi ya kuposti, nilimrekodi teja mmoja karibu na steji. Alikuwa amelala amesimama, magoti yamekunjika, kichwa kinakaribia lami lakini haanguki. Nikaweka muziki na maneno ya utani juu yake. Hiyo klipu ilitembea kuliko kitu chochote nilichokuwa nimeposti. Mlicheka, na mimi nikacheka.

Leo nataka kuongea juu ya mtu kama yule, ila huyu namjua. Ni kaka yangu, mtoto wa mama mdogo. Tumelelewa nyumba moja Likoni, tumelala kitanda kimoja. Jina lake siliweki hapa, lakini amenipa ruhusa nisimulie.

Kaka aliingia kwa unga mwaka mmoja baada ya kumaliza kidato cha nne. Alianza kwa kuvuta, akaishia kujidunga. Aliuza nguo zake, kisha zetu. Mtungi wa gesi wa mama mdogo aliuiba mara mbili, mpaka jiko likatiwa kufuli. Simu yangu ya kwanza ya kurekodia, ile niliyoilipia kidogo kidogo, ilienda hivyo hivyo. Kwa hivyo usiniandikie kwa komenti ati natetea mateja kwa sababu hawajawahi kuniibia. Nimeibiwa, tena na mtu ninayempenda.

Halafu akaanza methadoni. Kwa wasiojua, ni dawa ya maji. Unaenda kliniki kila siku, unainywa mbele ya nesi, unarudi zako. Haikulewi kama unga, lakini inazuia arosto kwa siku nzima: yale maumivu ya mifupa, kutapika, kuharisha na kutetemeka yanayomfanya mtu aibe mtungi wa mamake. Kenya ilianza kuitoa Desemba 2014 katika hospitali ya Mathari, Nairobi, na mwaka uliofuata ikafika Pwani. Tanzania walikuwa wameshaanza Muhimbili tangu 2011.

Kila asubuhi kaka alivuka feri, akapanda matatu, akanywa dozi yake, akarudi kuosha magari. Miezi minane. Alinenepa, akaanza kulipa deni la duka. Siku moja nikakuta jiko halina kufuli, na hakuna aliyesema kitu.

Kisha ukaja msako. Ilikuwa Ijumaa asubuhi. Alikuwa ameshuka kwenye feri, anatafuta matatu. Wakamsachi, hawakupata kitu. Akawatoa kadi ya kliniki awaonyeshe anakoenda. Jibu alilopewa ni hili: “Kumbe wewe ni teja, panda gari.” Kadi ya matibabu ndiyo ikawa ushahidi.

Jumamosi hakunywa dawa. Jumapili hakunywa. Jumatatu alipelekwa kortini akiwa ndani ya arosto, anatapika, akashtakiwa kuzurura na nia ya kutenda kosa. Akakubali kosa ili yaishe, faini ikakosekana, akalala ndani mpaka mama mdogo alipokopa kwa chama. Jumla, siku tisa.

Sasa sikiza vizuri hapa. Ukikosa methadoni siku kadhaa mfululizo hurudishiwi dozi yako ileile. Mwili umeshaizoea hali ya kukosa, na dozi ya jana inaweza kukuua. Unaanzishwa chini, upandishwe polepole. Na unga ni hivyo hivyo. Mtu aliyekaa bila, akirudia kipimo chake cha zamani, pumzi inaweza kukata. Usiku ule alipotoka, kaka alinunua kete. Walimkuta chooni, midomo imebadilika rangi. Majirani waliogopa kupiga simu, walidhani polisi watakuja kuwabeba wao. Aliyemwokoa ni dada mmoja wa programu ya mtaani aliyekuja mbio na sindano ya nalokisoni, dawa inayorudisha pumzi ya mtu aliyezidiwa na unga. Bila yeye, hii ingekuwa posti ya rambirambi.

Nauliza: Ijumaa ile, serikali ilishinda nini? Mkono mmoja unaendesha kliniki ili kaka aache unga. Mkono wa pili unamkamata mlangoni. Jioni wanahesabu vichwa, wanaita hiyo vita dhidi ya dawa za kulevya.

Na sheria yenyewe inajipinga. Sheria ya dawa za kulevya ya 1994 inasema kupatikana na kifaa cha kuvutia au kujidungia ni kosa. Lakini serikali hiyohiyo, tangu miaka ya 2012 na 2013, imekubali programu za kugawa sindano safi, kwa sababu virusi vya ukimwi vilikuwa vinamaliza watu. Utafiti wa mwanzo wa miaka ya 2010 ulionyesha takriban watu 18 kati ya 100 wanaojidunga jijini Nairobi walikuwa na virusi, wakati kwa nchi nzima ilikuwa chini ya 6 kati ya 100. Kwa hivyo unapewa sindano ili usiambukizwe, halafu unashikwa kwa kuwa na sindano. Na wanaojidunga wana wake, waume na watoto, wengine nyinyi mnasoma nao. Hiyo sindano safi inakulinda hata wewe ambaye hujawahi kuona kete.

Najua kuna mtu anaandika saa hii: “Zibeni unga usiingie, basi.” Sawa, tuzungumzie unga unavyoingia. Aprili 2014 manowari ya Australia ilikamata zaidi ya kilo 1,000 za heroini baharini, nje ya pwani yetu. Kilo 1,000! Ndugu wawili wa Akasha walishikwa Mombasa Novemba mwaka huohuo, kesi ikaburutwa zaidi ya miaka miwili, mpaka Januari 2017 walipopelekwa Marekani. Huko New York walikiri makosa. Baktash akapewa miaka 25, Ibrahim akapewa 23. Waendesha mashtaka wa Marekani wakaeleza jinsi maafisa wa hapa kwetu walivyohongwa. Yaani mkubwa alifungwa na wageni. Sisi tulibaki kumfunga anayeosha magari.

Hata unga ukiadimika, mraibu haponi kwa kuukosa. Pwani tuliliona hilo mwisho wa 2010 na mwanzo wa 2011. Unga ulipotea mitaani, na watu hawakuamka wazima. Walijazana hospitalini kwa arosto, wengine wakahamia pombe na vidonge. Unga uliporudi, soko lilikuwa linausubiri. Ukikata bidhaa bila kumtibu mteja, umempandishia muuzaji bei tu.

Swali lingine la haki kabisa: “Na sisi tunaoibiwa?” Mwizi ashtakiwe kwa wizi, sheria ya hiyo ipo. Lakini ukitaka wizi upungue, angalia jiko letu. Pingu hazikuwahi kuondoa lile kufuli. Liliondolewa na kikombe cha dawa kila asubuhi kwa miezi minane.

Kwa hivyo madai yangu ni haya, na siyo ya ajabu. Mtu mwenye kadi ya kliniki asikamatwe kwa sababu ya kadi hiyo, na akishikwa kwa kosa lingine, apelekewe dozi yake seli kama mgonjwa yeyote. Sindano isiwe kosa. Anayepatikana na kiasi chake cha kutumia apelekwe kwa daktari, siyo kwa askari jela. Ureno ilifanya hivyo tangu 2001. Wauzaji bado wanafungwa kule, na maambukizi ya ukimwi kwa wanaojidunga yalishuka sana. Hata sheria yetu ya 1994 inampa hakimu nafasi ya kumpeleka mraibu kwenye kituo cha kurekebisha. Vituo vya serikali viko wapi? Vya binafsi vinataka makumi ya maelfu kwa mwezi. Mama wa Likoni atatoa wapi?

Na methadoni ilipiwe na kodi yetu. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, programu za ukimwi zilitikisika nchi nzima, pamoja na zile zinazowahudumia wanaojidunga. Dawa ambayo mtu hawezi kuikosa siku tatu haifai kutegemea sahihi ya rais wa nchi nyingine.

Kuhusu kuzuia, sisi vijana tuambiwe ukweli. Shuleni kwetu alikuja mgeni mara moja kwa mwaka na picha za kutisha, tukapiga makofi, akaenda. Hakuna aliyetuambia arosto ni nini, wala mtu aombe msaada wapi siku ya kwanza kabla ya mwaka wa tano. Kaka alikuwa kwenye ukumbi huohuo. Alipiga makofi pia.

Amerudi kliniki. Ameanzishwa chini, sasa anapandishwa. Kila asubuhi akienda feri mama mdogo anampigia simu mara mbili: kuuliza kama amevuka, na kuuliza kama amepita polisi. Hiyo simu ya pili ndiyo inayonikera.

Ile klipu yangu ya zamani nimeifuta, lakini najua bado inazunguka kwenye magrupu. Ukiipata, usiitume. Na ukikutana na mtu amelala amesimama, rudisha simu mfukoni, sogea, angalia kama anapumua. Kama hapumui vizuri, ita msaada na ukae naye. Kisha nenda kamuulize mbunge wako na gavana wako: kliniki ya methadoni iliyo karibu na sisi iko wapi, na nani anaingoja mlangoni?

Komenti ziko wazi. Tukaneni mimi, msimtukane yeye. Kesho asubuhi ana feri ya kuwahi.