Anayeanza Asipewe Rili Isiyo na Breki

Mwandishi aliyedai kwamba anayeanza kuvua samaki aitwaye stilihedi anunue moja kwa moja ufito wa futi 13 na rili ya sentapini amekosea, na kosa lake linawagharimu wageni pesa na samaki. Hebu asimame Elk Creek, Pennsylvania, kijito kinachomwaga maji Ziwa Erie: maji ya magotini, matawi yameinama hadi kichwani. Ufito mrefu hivyo ataurushia wapi?

Tena rili ile ya sentapini haina breki. Mshipi huzuiwa kwa kiganja. Stilihedi ni trauti yuleyule wa mito ya Mlima Kenya, ila huyu hukulia ziwani au baharini. Hufika kilo 3 au 4, na akinaswa huchomoka kama mshale. Mkono usiozoea utachelewa, na mshipi wenye nguvu ya ratili 6 utakatika.

Mpeni ufito wa futi 8 na nusu hadi 9, wenye ncha inayopinda, na rili ya kawaida ya spini, saizi 2500 au 3000. Pesa ziende kwenye breki laini, mapambo yaacheni. Nakiri sentapini huachia chelezo kielee kwa ulaini wa ajabu, lakini hiyo inaweza kusubiri msimu wa tatu.