Waliomo ukutani Mambo Msiige

Ndugu Mhariri,

Nilipofika Shangani, Unguja, mwenyeji wangu alinionyesha jumba la Mambo Msiige, ambalo sasa ni hoteli ya kifahari. Akashusha sauti: watumwa walizikwa hai kutani, mayai yakachanganywa kwenye chokaa, na roho zao hazijatulia. Niligusa ukuta. Ulikuwa wa baridi, vidole vikabaki na ladha ya chumvi.

Jumba hilo la karne ya 19 lilikaliwa na wamisionari wa Kiingereza miaka ya 1860, kisha balozi wa Uingereza, John Kirk. Hao wana majina. Wanaosemekana kuwamo ukutani hawana, na wageni huwasikia kama kitisho cha jioni tu. Soko la watumwa la Mkunazini, hapo hapo Unguja, lilifungwa 1873. Wengi waliouzwa pale walitoka huku kwetu bara. Naomba mlangoni pa jumba hilo pawekwe kibao cha kuwakumbuka watumwa hao, kwa Kiswahili.

Msomaji wako,
Mwankoko, Singida