Kuaga nako ni kazi

Nimerudi chuo, vipindi vimeanza, ila akili bado iko Lusaka.

Nilikuwa mmisionari kule miezi 18, wa Watakatifu wa Siku za Mwisho. Siku zetu hazikuwa na maajabu: tunatembea wawiliwawili, tunafundisha, tunakaribishwa nshima, jua linazama viatu vimejaa vumbi. Kilichonichosha ni kuaga. Kila baada ya wiki 6 hivi kuna uhamisho. Ukishazoea watu, unafunga begi.

Mpaka mwanzoni mwa 2019 mmisionari alipiga simu nyumbani Krismasi na Siku ya Mama tu; sasa anaruhusiwa kila wiki. Kuna wakubwa wanasema simu hizi zinalegeza moyo. Mimi nakataa jamani. Bibi yangu alifariki nikiwa huko, sikumzika. Lakini Jumatatu ya mwisho nilisikia sauti yake akinibariki. Mngetaka nikose hata hiyo?

Kinyanja kina maneno mawili: anayeondoka husema "tsalani bwino", anayebaki husema "pitani bwino". Kila mmoja ana lake la kusema. Sisi walimu watarajiwa, ambao kesho tutapangiwa vituo vya mbali, tusione aibu kuaga vizuri.

Haya, nakimbilia semina!