Wakazi wa Bonde la Ufa, Tuzibe Ufa Kabla ya Masika

Kila mwaka, jua kali la Januari na Februari linapoelekea ukingoni, wakazi wa Nakuru huanza kuzitazama mbingu. Vumbi, ambalo husemekana ndilo lililoupa mji huu jina lake katika lugha ya Wamaasai, huwa limetanda kila mahali: juu ya mapaa, juu ya mabua yaliyokauka, na hata ndani ya injini za magari. Kisha mawingu hujikusanya juu ya Menengai, na mvua ya masika ikaanza kunyesha.

Mkulima wa Bahati, Njoro au Molo hangoji tone la kwanza ndipo atafute jembe. Kufikia siku hiyo shamba lake huwa limelimwa na mbegu zake zi tayari. La kustaajabisha ni kwamba mkulima huyo huyo, akiwa na gari, huliingiza barabarani siku ya kwanza ya mvua likiwa na matairi yenye kipara, waipa zilizokatika na breki zinazolia kama mbuzi aliyefungwa. Ajali inapotokea, sote huinamisha vichwa na kusema: ajali haina kinga.

Kwa heshima zote kwa wahenga wetu, msemo huo tumeutumia vibaya. Umekuwa pazia la kufichia uzembe. Wahenga hao hao ndio waliotuambia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapana watu wanaopaswa kuuelewa usemi huo kuliko sisi tunaoishi katika Bonde la Ufa.

Hebu na tuitazame barabara yetu. Sisi wa Section 58, tulio kandokando ya barabara kuu iendayo Nairobi, husikia usiku kucha ngurumo za malori yanayotoka bandari ya Mombasa kwenda Uganda, Rwanda na Kongo. Njia hii si ya kawaida. Mji wa Nakuru uko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na kutoka hapa barabara hupanda hadi Mau Summit, zaidi ya mita 2,400. Dereva anayetoka Eldoret au Kericho hana budi kuuteremka mteremko huo mrefu kupitia Sachangwan, Migaa na Salgaa, mara nyingi katika ukungu na utelezi. Anayekwenda upande wa Nairobi naye atapambana na ukungu wa Kinungi na Kinale.

Majina hayo tunayajua kwa sababu ya majonzi. Alfajiri ya Desemba 31, 2017, basi na lori viligongana Migaa na watu 36 wakafa wakati wenzao wakijiandaa kuukaribisha mwaka mpya. Juni 30, 2023, katika makutano ya Londiani, lori liliacha njia likavamia magari na wachuuzi waliokuwa wakijitafutia riziki kando ya barabara. Watu 52 walipoteza maisha. Nchini kote, zaidi ya watu 4,000 wameuawa barabarani kila mwaka tangu 2021.

Hatusemi kwamba kila mkasa kati ya hiyo ulisababishwa na ubovu wa gari. Kasi, uchovu, ulevi na ubovu wa barabara vina sehemu yao. Lakini tunasema hivi: gari bovu humnyima dereva nafasi ya mwisho ya kuyaokoa maisha yake na ya wenzake. Dereva aliyekosea akiwa na breki nzuri huweza kusimama. Dereva asiye na kosa lolote, lakini mwenye breki mbovu, hana la kufanya ila kuomba Mungu.

Tuanze na breki. Kwa miaka mingi pamekuwa na malalamiko kuhusu madereva wa malori ambao, wakifika mteremko wa Salgaa, hutia gia huru ili lori lijiteremkie lenyewe na mafuta yasalie. Akiba hiyo ni ghali mno. Gari likiwa katika gia ndogo, injini yenyewe husaidia kulizuia. Likiwa katika gia huru, mzigo wote wa kulizuia huangukia breki. Breki hizo hupata moto kilomita baada ya kilomita, hadi kufikia mahali ambapo dereva anakanyaga na gari halisikii. Hapo ndipo tunaposoma kwamba lori "lilipoteza breki", kana kwamba breki ni kofia iliyopeperushwa na upepo.

Mwenye gari dogo naye asijidhanie yu salama. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani. Mafuta ya aina ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka katika nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishaingiwa na maji, huweza kuchemka katika nyuzi 140 tu. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke haupitishi nguvu ya mguu. Kwa sababu hiyo mafundi wengi hushauri yabadilishwe kila baada ya miaka miwili. Ni wangapi miongoni mwetu wanaokumbuka siku walipoyabadilisha?

Baada ya breki ni matairi. Kazi ya meno ya tairi ni kuyasukuma maji kando ili mpira uishike lami. Meno yakiisha, gari huelea juu ya maji kama mtumbwi, na usukani huwa pambo tu mikononi mwa dereva. Uingereza, sheria hairuhusu meno yaliyopungua milimita 1.6. Hapa kwetu kuna watu kando ya barabara ambao hulichukua tairi lililokwisha wakalichonga meno mapya kwa kisu. Tairi hilo hupendeza machoni, lakini limekatwa katika ngozi yake ya mwisho. Kulifunga katika gari la abiria ni sawa na kuwauzia watu tikiti ya kaburini.

Isitoshe, tairi huzeeka hata kama halijachakaa. Ubavuni mwake huandikwa tarakimu nne: mbili za kwanza ni juma, na mbili za mwisho ni mwaka lilipotengenezwa. Tairi lenye 1419 lilitengenezwa katika juma la 14 la mwaka 2019. Magari mengi tunayoyanunua yamekwisha kutumika Japani kwa miaka mingi kabla ya kufika Mombasa, na huenda mengine yangali na matairi waliyokuja nayo. Mnunuzi huikagua rangi, viti na redio, asiinamie matairi hata mara moja.

Katika jambo hili mwandishi wa safu hii hana haki ya kuwanyoshea wengine kidole kabla ya kujinyoshea mwenyewe. Aprili moja, miaka kadhaa iliyopita, nilikuwa nikitoka Gilgil kurudi nyumbani. Fundi wangu alikuwa amenionya majuma mawili kabla ya siku hiyo kwamba matairi ya nyuma yamekwisha. Nilimjibu kwamba tutaona mwisho wa mwezi, kisha fedha nilizokuwa nazo nikanunua redio ya gari. Nikiteremka Kikopey, mvua ikaanza. Nilikanyaga breki kidogo tu, na gari likateleza kama sabuni bafuni, likageuka likatazama lilikotoka. Lori lililokuwa nyuma yangu lilisimama hatua chache kutoka kioo changu, kwa kuwa dereva wake alikuwa na breki na alikuwa na nafasi. Redio ilikuwa ingali ikiimba. Siku hiyo singeweza kusema kwamba ajali haina kinga. Kinga nilikuwa nayo mfukoni, nikainunulia muziki.

Jambo la tatu ni kuona na kuonekana. Raba za waipa hukaushwa na jua la kiangazi zikapasuka, na mwenye gari hagundui hadi siku ya dhoruba. Taa moja ikizimika, gari huonekana gizani kama pikipiki, na anayekuja mbele hukadiria vibaya upana wake. Tena kuna aibu ya malori yaliyokwama. Badala ya pembetatu za kuakisi mwanga ambazo sheria inamtaka kila dereva awe nazo, matawi ya miti hutandazwa barabarani. Katika ukungu wa Mau Summit saa tisa ya usiku, ni nani awezaye kuliona tawi? Na lori likishatengenezwa na kuondoka, matawi hubaki pale pale yakiwa mtego kwa wengine.

La nne ni rejeta. Katika mwinuko wa Nakuru, maji huchemka yafikapo nyuzi 94 hivi, wala si 100 kama pwani, na kadiri tunavyopanda ndivyo kiwango hicho kinavyoshuka. Wenye magari wengi hujaza maji matupu ya mfereji au ya mto, ambayo huleta kutu ndani ya injini. Maji maalumu ya kupoza injini, pamoja na kifuniko cha rejeta kinachobana sawasawa, huzuia hayo yote. Gari lililochemka katikati ya mlima si hasara ya mwenyewe pekee. Ni kizuizi kwa kila anayelifuata.

Najua jibu nitakalopewa. Nitaambiwa kwamba maisha ni magumu, kwamba spea ni ghali na nyingine ni bandia, kwamba matatu ikilazwa gereji siku moja mwenyewe hukosa mapato, naye dereva na utingo wakalala njaa. Sidharau hoja hiyo, kwani ni ya kweli. Hata hivyo, mengi ya lazima hayahitaji fedha. Kuupima upepo wa matairi, likiwamo tairi la akiba. Kuwasha taa zote huku mtu akitazama nyuma. Kuangalia kiasi cha maji, cha oili na cha mafuta ya breki kabla injini haijapata moto. Kupangusa vioo na kung'uta chujio la hewa lililojaa vumbi la kiangazi: yote hayo ni kazi ya nusu saa asubuhi ya Jumamosi. Yanayohitaji fedha yafanywe kwa zamu, tukianza na breki na matairi. Redio na vipambo vitangoja.

Wenye matatu na mabasi wana deni kubwa zaidi, kwa kuwa wanabeba roho za watu waliolipa nauli. Imekuwa ikinong'onwa kwa muda mrefu kwamba wako wanaokodi matairi mazuri kwa siku ya ukaguzi tu, kisha wakayarudisha. Anayefanya hivyo hajamdanganya mkaguzi. Amemdanganya mwanafunzi, mama mwenye mtoto mgongoni na mzee aendaye hospitalini.

Serikali nayo haiwezi kukwepa lawama. Februari 2004, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, marehemu John Michuki, alipoanza kutekeleza kanuni za mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo, nchi nzima ilishuhudia kwamba nidhamu barabarani inawezekana. Lakini utekelezaji uliofuata umekuwa moto wa mabua: huwaka kwa kishindo baada ya kila mkasa, kisha ukazimika. Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi, NTSA, pamoja na polisi wa trafiki, hawana budi kuufanya mwezi wa Februari na ule wa Septemba kuwa miezi ya ukaguzi wa kweli katika barabara hii, kabla ya masika na kabla ya vuli. Afisa anayelisimamisha gari apige magoti alitazame tairi, badala ya kuutazama mfuko wa dereva. Nayo serikali ya kaunti, kwa ushirikiano na mafundi wa jua kali, ingeweza kutenga siku ambapo magari yatakaguliwa bila malipo. Mafundi hao wanazo macho na mikono. Wanachokosa ni kutambuliwa.

Pamoja na hayo yote, tusijidanganye kwamba gari zuri hushinda kila kitu. Barabara iliyoloa huongeza maradufu umbali unaohitajika kusimama. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 katika sekunde moja, kabla dereva hajainua mguu. Na pana maji ambayo hayajaribiwi. Usiku wa kuamkia Aprili 29, 2024, mafuriko ya Mai Mahiu yalisomba nyumba, magari na makumi ya watu. Desemba 2021, basi lililowabeba wanakwaya kwenda arusini lilizama katika mto Enziu, kaunti ya Kitui, na zaidi ya watu 30 wakafa. Maji ya kina cha sentimita 60 tu huweza kulichukua gari la kawaida. Dereva akiuona mto umevuka barabara, na asimame. Kuchelewa si kufa.

Barabara ya kutoka Rironi hadi Mau Summit imeanza kupanuliwa, na tunaomba kazi hiyo ikamilike kwa heri. Lakini barabara pana haitengenezi breki mbovu, wala haioteshi meno katika tairi lililoisha. Hayo ni wajibu wa mwenye gari.

Basi mawingu yajapo juu ya Menengai, kila mwenye gari ajiulize swali moja: je, ningekubali mtoto wangu apande gari hili kuteremka Salgaa usiku wa mvua? Kama jibu ni la, ufunguo na ubaki mfukoni, na fundi aitwe. Ufa tunauona. Tuuzibe leo, tusije tukajenga ukuta kesho kwa machozi.