Simu isife na umeme

Simu ya mezani ya zamani haikujali kama umeme wa LUKU umeisha. Ilipata volti 48 kutoka betri za kituo cha simu, kupitia waya uleule wa shaba uliobeba sauti. Mtaa mzima ukiingia gizani, ukinyanyua mkono wa simu ulisikia mlio. Simu ya intaneti haiko hivyo, na sisi mafundi tunaoifunga mara nyingi hatumwambii mteja.

Nafunga simu hizi Dar es Salaam, kwenye zahanati, shule na hoteli ndogo. Kisanduku kinachounganisha simu za kawaida na intaneti kina poti za FXS za kuchomeka simu, na vingine vina FXO ya kupokea laini ya nje. Baadhi yavyo vina relei: umeme ukikatika, laini ya nje inaungwa moja kwa moja na simu moja. Moja tu, na fundi ndiye anayeamua ikae wapi. Fuatilia waya wa poti hiyo uone unaishia wapi: kwenye faksi iliyokufa zamani, au mezani kwa mkurugenzi ambaye saa nane usiku yuko kwake amelala. Mimi naipeleka kwa mlinzi au kwa muuguzi wa zamu, bosi anune asinune.

Relei yenyewe inahitaji laini ya shaba. Kwenye faiba haikusaidii, kwa kuwa uzi wa kioo haupitishi umeme. Hapo tegemeo ni UPS, yaani betri ya akiba, nayo ibebe kisanduku cha faiba, ruta, swichi na kisanduku cha simu vyote pamoja. Kimoja kikiachwa nje, simu zote zimekufa. Printa itoeni humo, inamaliza betri bure.

Uingereza, ambako laini za shaba zinatarajiwa kuzimwa kufikia Januari 2027, mdhibiti wa mawasiliano, Ofcom, anataka wanaotegemea simu ya nyumbani waweze kupiga simu za dharura kwa angalau saa moja umeme ukikatika. Kwa Dar saa moja ni mzaha. Mimi napigia hesabu saa nne.

Kisha kuna umeme kurudi. Kisanduku kisipopewa anwani ya mtandao ya kudumu, kinaweza kuamka na nyingine, simu zinazokifikia kupitia mtandao zikakitafuta zisikione. Na, nje ya suala la umeme, poti 5060, mlango wa mtandao unaotumiwa na simu za intaneti, ipokee mtoa huduma wako pekee. Ikiachwa wazi kwa dunia nzima, huku nenosiri likiwa lilelile la kiwandani, wezi watapiga simu za nchi za nje usiku kucha na bili itakuja kwako.

Kwa hiyo, ndugu mteja, kabla hujamlipa fundi, zima swichi kuu, nenda meza ya mlinzi, ipigie simu yako ya mkononi. Isipoita, usilipe.