OILI ISICHAGULIWE KWA BEI

Gari la dizeli la shule au la idara ni mali ya umma. Hata hivyo, bado lipo zoea la kulijaza oili yoyote iliyo rahisi dukani, ati oili ni oili. Zoea hilo halina budi likomeshwe.

Ifahamike kwamba magari mengi ya dizeli ya siku hizi yana chujio la masizi katika bomba la moshi. Masizi yanaswayo humo huunguzwa kwa joto la nyuzi zipatazo 600 za sentigredi. Lakini majivu yatokanayo na oili hayaungui. Hubaki humo na kuliziba chujio, injini ikapoteza nguvu na kula dizeli zaidi. Ndiyo maana magari hayo yahitaji oili yenye majivu haba, kama ile ya daraja la ACEA C3, ambayo majivu yake hayazidi asilimia 0.8.

Tarakimu za 5W-30 peke yake hazitoshi. Hizo zaeleza uzito wa oili katika baridi na katika joto, wala hazisemi lolote juu ya majivu.

Kwa hiyo, wakuu wa shule na maofisa usafirishaji waandike katika hati za ununuzi daraja lililotajwa katika kitabu cha gari, si "oili ya dizeli" tu. Fundi naye alionyeshe dumu kabla ya kumimina. Chujio jipya ni ghali kuliko madumu mengi ya oili. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.